Chupa Zilizokaa Juani

Jules Okito alizaliwa Kindu, mtoto wa fundi wa reli. Alisomea uuguzi, na mwaka 1998, miezi michache kabla vita haijafunga njia, akapangiwa kazi Kabambare. Alidhani atakaa miaka miwili. Alikaa kumi na moja.

Vijiji vya juu, katika milima ya Itombwe, havikuwa na barabara. Aliyetaka kufika Mukera alitembea siku nne: kwanza msituni, kisha kwenye mianzi, kisha kwenye nyasi za juu ambako asubuhi vidole hufa ganzi. Jules alipanda huko mara nyingi na sanduku la baridi la chanjo, akifuatana na Constantin, mkulima wa Kabambare aliyezijua njia zote.

Mwaka 2001 habari zilishuka kwamba surua imeingia Mukera. Walipanga chupa za chanjo kwenye barafu, wakaondoka alfajiri. Walitegemea barafu ivumilie joto la bondeni siku mbili, halafu baridi ya mlima isaidie.

Siku ya pili, kabla hawajaanza kupanda, walikuta kizuizi cha watu wenye silaha.

"Iko nini ndani? Dhahabu?" mkubwa wao aliuliza.

"Njo dawa ya watoto, mukubwa," Jules alijibu. "Ikipata joto inakufa."

Yule mtu alicheka. Akaimwaga barafu kwenye ndoo yake ya pombe, akazipanga chupa juu ya jiwe, akizigeuza moja moja kuona kama kuna kilichofichwa. Jules na Constantin walikalishwa chini mchana kutwa, wakizitazama chupa zikipigwa na jua. Jioni wakaachiliwa, wakarudishiwa chupa zao.

"Turudi," Constantin alisema. "Tutaenda kufanya nini kule?"

"Wanatungojea. Nitawaeleza mimi mwenyewe. Na wagonjwa wapo, homa naweza kuitibu."

Wakapanda siku mbili zaidi.

Huko Mukera akina mama walikuwa wamekwisha panga mstari mbele ya kanisa. Wa kwanza alikuwa Hélène, aliyeitwa Mama Fifi kwa jina la binti yake wa mwaka mmoja na nusu, aliyekuwa mgongoni akinyonya kidole, mzima kabisa. Jules alieleza yaliyotokea njiani. Hakuna aliyetoka kwenye mstari.

"Piga tu," Hélène alisema.

"Siwezi, mama. Imeharibika. Nikipiga, utaamini mutoto iko na kinga, kumbe hana. Nitakuwa nimekudanganya."

"Basi unidanganye."

Jules alikataa. Alizifukia zile chupa nyuma ya kanisa, akatibu wagonjwa siku mbili, akashuka kutafuta chanjo nyingine. Aliporudi zilikuwa zimepita siku kumi na nane. Fifi alikuwa amezikwa siku tano zilizopita. Hélène hakutoka nyumbani mwake.

Mwaka 2009 Jules alirudi Kindu, akaendelea na kazi. Mwaka 2013, kwenye mafunzo ya wauguzi, wakati wa chakula, alimuuliza mkufunzi, daktari mmoja jina lake Gauthier, kuhusu chanjo ya surua iliyokaa juani siku moja.

"Ilikuwa imekwisha changanywa na maji yake?"

"Hapana. Unga mkavu."

Daktari alifikiri. "Ikiwa kavu inavumilia kuliko tulivyofundishwa zamani. Siwezi kukuhakikishia, papa. Lakini pengine nyingine zilikuwa bado nzima."

Jules aliacha chakula chake palepale mezani. Nyumbani, mkewe Marie-Louise alimwambia, "Ulifanya ulivyofundishwa." Ilikuwa kweli, na haikumsaidia.

Mwaka 2022 ilitangazwa kampeni ya chanjo, wakatafutwa watu wanaoijua njia ya Mukera. Jules alikuwa na miaka hamsini na sita na magoti mabovu. Aliomba aende. Constantin alikuwa amekwisha fariki, kwa hiyo alifuatana na muuguzi kijana, Josiane. Mwendo wa siku nne uliwachukua tano.

Alimkuta Hélène anaanika maharagwe. Mvi zimemjaa, lakini alimtambua.

"Docta wa chupa," Hélène alisema.

Jules aliketi chini, akamwambia yote aliyosikia kwa daktari, bila kupunguza. "Pengine ningepiga, Fifi angepona. Pengine hapana. Sijui. Niliona usisikie kwa mwingine."

Hélène aliendelea kuyasambaza maharagwe mpaka mkeka ukajaa.

"Miaka yote hii nilijiambia hukuwa na njia," alisema. "Njo vile niliweza kukusamehe. Sasa unaniletea hii."

"Unisamehe, mama."

"Nenda upumzike. Umechoka."

Kesho yake alikuja kwenye chanjo na mjukuu wake begani. Jules na Josiane walikuwa wamekaa kila mmoja na mstari wake. Wa Jules ulikuwa mfupi. Hélène aliutazama, akaenda kusimama kwa Josiane, akangoja zamu yake kama wengine. Mtoto alilia kidogo, akanyamaza.

Jules alimwita mama aliyefuata kwenye mstari wake. Aliendelea kuchanja mpaka saa nane, kisha wakafunga mizigo wakaanza kushuka.