Siku Shija Aliposoma Habari Ndani ya Sanduku

Enzi zetu habari haikuja na picha. Ilikuja na harufu ya samaki, kwa sababu aliyetuletea alikuwa Mama Nkwimba, jirani yetu, aliyetoka mwaloni, kule mitumbwi inakoshushia samaki, kila asubuhi na beseni la dagaa kichwani. Kabla hajalitua alikuwa ameshamaliza taarifa yote: nani ameoa, nani ameachwa, mtumbwi wa nani unavuja, na mbuzi wa nani amekula tangazo la mkutano kabla watu hawajalisoma. Ninyi mliovaa katambuga za tairi na kutafuna michembe ya viazi vitamu darasani mnajua ninachosema. Vijana wa leo wanapata habari za Marekani wakiwa kitandani, lakini jirani yao akihama wanaambiwa na mwenye nyumba.

Sisi tulikuwa Lamadi, ukingoni mwa ziwa. Siku hizo hatukuwa hata Simiyu, tulihesabiwa Mwanza. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, wanunuzi binafsi wa pamba walipoanza kuja na magari yao, na mitumba ikatuvalisha makoti ya baridi kwenye jua kali. Kuna mzee alihudhuria vikao vyote vya kijiji akiwa na koti la kike lenye manyoya shingoni, na aliheshimiwa kwalo. Mnunuzi mmoja alileta televisheni, akaiwasha kwa jenereta dukani kwake, nasi tukabanana dirishani. Ilikuwa chenga tupu, lakini katikati ya chenga alionekana bwana mmoja akisoma habari, kuanzia kifuani kwenda juu. Shija, mdogo wetu wa mwisho, alirudi nyumbani na huzuni. Alitaka kujua miguu ya yule bwana iko wapi, na nani anamlisha.

Tulikuwa wanne. Mimi mkubwa, wakafuata mapacha Kulwa na Doto, kisha Shija, aliyepewa jina hilo kwa kuzaliwa nyuma ya mapacha. Baba alitangulia, na mvua zilizofuata mama naye akamfuata kaburini. Nikaacha shule darasa la sita, nikawa mpishi. Kulwa alisema ugali wangu wa kwanza ungefaa kuzibia mtumbwi, lakini aliumaliza. Mama alizoea kusema kwamba anayechagua chakula hajaona njaa, nami nikalitumia neno hilo kila mlo. Tulilima pamba, tukachunga ng'ombe wawili waliobaki, na jioni niliwakagua miguu kama mwalimu wa zamu. Nilikuwa na miaka kumi na mitano na nilijiona mzee kabisa, nikikohoa kabla ya kuingia ndani kama alivyofanya baba.

Kiangazi kimoja, pamba ilipokwisha, Baba Mkubwa akaja kutoka Shishiyu. Alikuja kwa mambo mawili: kushangilia ngoma na kutugawa. La kwanza alilitangaza mwenyewe tangu njiani. La pili tulilipata kwa Mama Nkwimba, beseni likiwa bado kichwani. Kulwa angepelekwa Bariadi kwa mjomba. Doto angekwenda Kimali kwa shangazi akachunge. Shija angekwenda Shishiyu. Mimi ningetafutiwa kazi kwenye kambi ya wavuvi. Kikao cha ukoo kingekaa ngoma zikiisha.

Nilimfuata Baba Mkubwa alipokuwa akinyoa ndevu. Nikamwamkia mwadila, nikapiga goti, nikamwambia tunaweza kukaa wenyewe. Hakunigombeza. Alinitazama kwenye kioo chake kidogo.

"Ng'wanawane, mwanangu," alisema, "mtoto halei watoto. Mkifa njaa, kaburini nitamwambia nini baba yenu?"

Nikaenda kupika.

Mnakumbuka mashindano ya ngoma yalivyokuwa. Wagika upande huu wa uwanja wa mnada, Wagalu upande ule, wote wakicheza kwa wakati mmoja, na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi. Hakukuwa na jaji wa kukaa kwenye kiti. Miguu ya watazamaji ndiyo iliyoamua, na watu walihama kutoka upande mmoja kwenda mwingine kama ng'ombe walioona majani. Ndiyo maana kila kundi lilikuja na vituko. Mwaka huo Wagalu walikuwa na chatu mnene aliyevishwa miwani. Sisi Wagika tulikuwa na mzee aliyeweza kutikisa masikio, na ili umwone ilibidi usimame karibu sana. Siku mbili tulichapwa. Baba Mkubwa, Mgika tangu tumboni, aligoma kula. Siku ya tatu ilikuwa ya mwisho.

Mapacha ndio waliokuja na wazo. Walichukua sanduku la majani ya chai, wakang'oa ubao wa nyuma, wakatoboa mbele tundu la mraba lililotosha kichwa cha Shija kupenya, wakachomeka juu spoku mbili za baiskeli kuwa antena. Nikampelekea manju, kiongozi wa ngoma yetu. Alilizunguka mara mbili, akamtazama mzee wa masikio, akasema haya, leteni.

Habari niliziandika mimi, na Shija alizikariri kwa kuwa kusoma kulikuwa bado kunamshinda. Mchana huo tukaweka sanduku juu ya meza katikati ya uwanja. Shija akasimama nyuma yake juu ya kinu, akiwa na koti la marehemu baba, akapenyeza kichwa kwenye tundu. Kulwa akamwagia chenga, yaani konzi ya pumba za mpunga. Doto akazungusha kifuniko cha chupa kilichokuwa swichi.

Shija akakohoa. "Hii ni taarifa ya habari kutoka hapa hapa. Jogoo wa mwenye mashine ya kusaga amekamatwa akiwika saa nane mchana. Uchunguzi unaendelea. Mama Nkwimba amekanusha kwamba kikombe chake cha kupimia dagaa kina matako manene. Hali ya hewa: vumbi, na baadaye vumbi."

Walianza kuhama watoto. Wakafuata kina mama, kila mmoja akitaka kusikia kama ametajwa, na asiyetajwa alinuna. Mwenye koti la manyoya alipotajwa alipiga saluti. Mwishowe wapiga ngoma wa Wagalu wenyewe wakaja, na nyuma yao mwenye chatu, chatu akiwa begani na miwani yake. Baba Mkubwa alikuwa mstari wa mbele, machozi ya kicheko yakimtoka.

Tatizo likawa moja: habari ziliisha. Nilikuwa nimeandika ukurasa mmoja tu. Watu wakadai nyingine, na Baba Mkubwa ndiye aliyedai kwa sauti kubwa kuliko wote. Upande wa pili ngoma moja ikaanza kudunda tena. Nikamwona Shija akinitafuta kwa macho, kisha akaacha kunitafuta.

"Habari iliyotufikia sasa hivi," alisema. "Mzee wa Shishiyu aliyesimama hapo mbele amekuja kugawa watoto. Kulwa Bariadi. Doto Kimali. Msomaji wenu Shishiyu. Nani atamfunga kaka kitambaa akiungua mkono, bado haijajulikana."

Kina mama wakaanza kuguna, mguno ule wa Kisukuma unaoanzia tumboni. Mama Nkwimba akauliza kwa sauti ya mwaloni tangu lini mapacha wanagawanywa kama vipande vya sangara. Wengine wakaanza kuondoka kwa hasira kurudi kwa Wagalu. Manju akamshika Baba Mkubwa bega na kumwambia afanye jambo, tunashindwa.

Hapo ndipo alipofanya jambo. Alizunguka nyuma ya meza, akamshusha Shija, akavua kofia na kusukuma kichwa chake mwenyewe ndani ya tundu. Masikio yalipita kwa shida. "Mzee wa Shishiyu," alitangaza, "anakanusha."

Watu wakarudi mbio. Baba Mkubwa akataka kutoa kichwa, masikio yakakataa.

Sikuwahi kuona mkutano wa hadhara kama ule, wala sitauona. Mzee amenaswa kwenye televisheni, na mji mzima unamhoji.

"Watoto wanakaa pamoja?" akauliza Mama Nkwimba.

"Wanakaa."

"Wapi?"

"Kwao. Nitoeni."

"Na ng'ombe?"

"Wa kwao. Nami nitakuja kila mavuno kuwaangalia, na siku nikikuta mmoja amekonda, habari itabadilika. Kulwa, lete nyundo."

Kulwa alisema nyundo haionekani. Ilikuwa mfukoni mwake. Tulimtoa baada ya manju kuhesabu watu na Wagalu kukubali kwamba wameshindwa. Baba Mkubwa alibebwa juu juu akiwa na masikio mekundu, na jioni ile alikula ugali wangu, akaomba kuongezewa. Neno lililosemwa mbele ya ngoma halirudishwi. Alikuja kila mavuno, mpaka mwaka aliofariki, akatupima mikono kwa vidole vyake.

Basi wadogo zangu wakakua. Kulwa yuko Dar es Salaam, Doto ameolewa Geita, Shija anafundisha Arusha. Hakuna aliyewagawa, waliondoka mmoja mmoja kwa hiari yao, na niliwasindikiza stendi wote watatu. Sasa tuna kundi letu kwenye simu. Kila asubuhi napokea picha ya maua yenye maneno ya kunitakia siku njema, na sijui kama aliyenitumia ana homa.

Krismasi iliyopita walikuja wote. Walikaa sebuleni, vichwa vimeinama, kila mmoja na simu yake, wakicheka vitu ambavyo mwingine hakuviona. Nikachukua sufuria, nikapita nikizikusanya simu, nikafunika. Mwanzoni walitazamana kama wageni stendi. Kisha Doto akauliza kama ni kweli mwalo wa zamani umemezwa na maji, Kulwa akambishia, Shija akawakatiza wote wawili, na ugali ukapoa mezani bila mtu kuukumbuka.