Ndama Mweupe Zizini mwa Baba

Ndama alizaliwa mchana, mama akiwa anapepeta mpunga uani. Baba alipomwona, alikaa chini kwenye mavi ya ng'ombe bila kujali suruali yake. Ndama alikuwa mweupe. Si madoa, si kijivu: mweupe wote, hadi kope. Mimi nilicheka, maana sikuwahi kumwona baba amekaa kwenye mavi. Kisha nikaona mama ameacha kupepeta, na kicheko kikanikauka.

Inafaa nieleze kuhusu baba na wekundu. Pale kijijini kwetu Luberizi watu walifuga ng'ombe wa kila rangi. Anayetoa maziwa alibaki, asiyetoa alienda sokoni. Baba hakuwa hivyo. Alitaka wekundu tu, ule wa tofali lililoiva vizuri. Ndama akitokea na doa ubavuni, aliuzwa kabla hajaota pembe. Dume la mtu mwingine hakulikaribisha hata siku moja. Aliwapandisha ng'ombe wake wao kwa wao, mjukuu kwa mjukuu, mpaka watu wakiona kundi jekundu barabarani walijua ni la nani. Mama alimtania: "Weye uko na wivu ya ngombe kushinda ya bibi yako." Baba alimjibu kwamba mke hapotei malishoni.

Mwaka mwingine ndama yule angekuwa kichekesho cha kijiji. Lakini vita vilikuwa vimeshafika. Jirani yetu, mwenye dume jeupe, alikuwa amekimbia na jamaa zake wote, kwa sababu watu wa kabila lake walikuwa wanasakwa. Vijana wenye bunduki waligawana ng'ombe wake, kisha wakasema ng'ombe wengine wamefichwa. Aliyewaficha alionekana kuwa mmoja wa wale waliokimbia. Mtu mmoja wa upande wa mashamba ya mpunga alichukuliwa kwa ajili ya mtamba mmoja tu, na hakurudi.

Na kijijini kwetu kila mtu aliamini kwamba ndama ni wa dume. Ng'ombe jike ni mfuko tu. Rangi, pembe na ukali vinatoka kwa baba. Walisema hivyo hata kuhusu binadamu: mtoto ni wa baba yake na wa ukoo wa baba yake, mama ni mgeni aliyekuja kuzaa. Mimi imani hiyo ilinikera tangu nikiwa mdogo, lakini siwezi kukana kwamba tuliishi chini yake kama chini ya paa. Mama alizaliwa ng'ambo ya mto Ruzizi, kwa watu walewale waliokuwa wanasakwa. Walimvumilia kwa ajili ya baba, ingawa kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Sisi watoto wake, mimi na mdogo wangu wa kiume, hakuna aliyetuuliza kitu. Tulikuwa wa baba.

Baba alitaka kumchinja ndama. Mama akamwambia amechelewa, watoto wa wachungaji wameshamwona. Alisema kweli, maana kesho yake walikuja wanaume watatu.

Kiongozi wao alikuwa mchinjaji wa soko letu. Alikuwa amenunua ng'ombe kwa baba miaka yote, akinywa maziwa kwetu na kutusalimu sisi watoto vizuri. Sasa alivaa koti la jeshi lililombana mabega. Alilizunguka zizi taratibu, akamtazama ndama, mama yake, na dume.

"Muzee, dume yako iko nyekundu. Hii ngombe iko nyekundu. Sasa huyu mweupe anatoka wapi?"

"Anatoka ndani ya hii ngombe," baba akasema. "Minye mwenyewe nilimuvuta."

"Usinidanganye, papa. Minye nimepasua ngombe mingi. Huyu iko wa ile dume nyeupe ya yule muntu. Mutoto wa nyoka ni nyoka. Unamufichia mali yake, na pale anajificha unapajua."

Baba aliapa kwa jina la Bikira Maria. Mmoja wao akamfunga mikono kwa kamba ya kukamulia.

Ukweli baba aliujua, na sote nyumbani tuliujua. Mama alipoolewa, watu wa kwao walimleta na ng'ombe wa kurudishia mahari, kama desturi inavyotaka, na ng'ombe yule alikuwa mweupe. Kwa dume la baba alizaa wekundu watupu. Baba akafurahi, akadhani weupe umekwisha. Haukwisha, ulifunikwa. Miaka mingi baadaye, nilipokuwa mwalimu, nilifundisha somo hilo ubaoni bila shida: mwekundu anaweza kubeba weupe asiouonyesha, na wekundu wawili wa namna hiyo wakipandana, mtoto mweupe anaweza kutoka. Dume letu na ng'ombe aliyemzaa ndama wote walikuwa wajukuu wa mweupe wa mama. Baba, kwa kupenda wekundu, ndiye aliyewakutanisha.

Lakini kuyasema hayo pale zizini kulikuwa ni kumtaja mama na kwao. Baba alinyamaza. Walimpiga kitako cha bunduki begani, akanyamaza bado. Sijawahi kumpenda mtu kama nilivyompenda baba wakati ule.

Mama aliweka ungo chini.

"Mumuache. Hii rangi haitoke kwa dume. Inatoka kwa ngombe ya kwetu, ile papa yangu alinipa. Ilipozeeka ni weye uliichinja. Kumbuka."

Mchinjaji alikumbuka. Niliona usoni mwake. Aliamuru baba afunguliwe, na kwa muda mfupi nilifikiri tumepona.

"Kumbe," akasema polepole, "rangi ya mama inaweza kulala, halafu inaamuka kwa mutoto."

Aliacha kumtazama ndama. Alimtazama mdogo wangu, mrefu, mwembamba, mwenye paji la uso la mama. Alimtazama sana. Kisha akanitazama mimi, na hakukawia.

"Tutarudi," akamwambia baba, kwa adabu.

Walipotokomea, mama hakulia wala hakugombana. Alifunga unga na nguo kwenye kitenge, akamwita mdogo wangu. Mimi nikachukua sufuria nimfuate. Akaninyang'anya.

"Weye utabakia na baba yako. Uko sura yake yote."

Aliyasema kwa furaha, akinishika shavu, na mimi nikamchukia. Nilimwambia nafanana naye, nina meno yake, nina mikono yake. Nilishika nguo yake. Alinibandua kidole kimoja kimoja, akaenda na mwanawe kwa njia ya mtoni. Hadi leo sijapata mtu aliyewaona.

Baba na mimi tulifungua zizi ng'ombe wajiendee, tukashika barabara ya Uvira, kwa shangazi yangu aliyekaa mtaa wa Kilibula. Kwenye kila kizuizi mtu mwenye bunduki alinishika kidevu, akanigeuza uso huku na huku, akaniambia nipite.