Wino Mweupe Kwenye Daftari la Bangi

Nyumbani Tanga wanajua nafanya kazi maabara. Maabara ya nini, sijasema. Nitamwambiaje mama kwamba kutwa nzima napima bangi ya watu, tena kwa sheria?

Tupo huku ugenini, mtaa wa Newtown, vyumba viwili. Bosi ni mama wa Lubumbashi, mkemia hasa. Mimi chuo sikukanyaga. Kazi nimejifundisha kwa kuangalia mikono yake na kusoma kwenye simu. Mkulima akileta sampuli, nusu tunaipima kama ina ukungu au dawa za shambani. Nusu naifunga kwenye mfuko kwa stika, naupima mfuko, naandika uzito daftarini, unakaa kabatini. Ukitokea ubishi, ushahidi upo.

Na ubishi hauishi! Mkulima mmoja alikuja kufoka tumbadilishie majibu, bangi yake imekutwa na ukungu. Nikampandia.

"Unataka mgonjwa avute ukungu wako?"

Bosi akanivuta blauzi. "Mdogo yangu, acha. Daftari itamujibu."

Daftari hilohilo nusura lituue. Alikuja mkaguzi wa kibali, na bila kibali tunafunga. Akasimama kwenye ukurasa wa mkulima yule, akakwangua tarakimu kwa ukucha. Wino mweupe.

Ulikuwa wangu. Kwenye uzito wa mfuko niliandika gramu 17.1 badala ya 11.7, nikafuta, nikaandika upya, safi kabisa. Najivunia mwandiko wangu mimi. Kichupa cha wino huo nilikinunua mwenyewe mtaa wa Mayfair, dukani kwa Msomali. Kumbe kwenye maabara kufuta ni kuficha. Mkaguzi aliona tumempendelea mkulima, tumembadilishia namba.

"Nani kabadilisha hapa?"

"Mimi," bosi akasema. "Kosa ni yangu."

Eish, damu ikanichemka. Mtu aliyenipa koti jeupe wakati wengine wananipa ufagio, aanguke kwa sababu ya kichupa changu?

"Muongo huyo! Ni mimi! Mfuko upo kabatini, upime mwenyewe!"

Bosi akanitolea macho. Mkaguzi akauchukua mfuko, akaikagua stika, haijaguswa. Akauweka kwenye mizani. Tarakimu zikacheza, zikatulia: 11.7.

Hakutabasamu. Aliandika kosa letu, akasema atarudi, na mpaka hapo nijifunze kukosea: mstari mmoja juu ya kosa, lisomeke, herufi za jina langu pembeni, na tarehe.

Alipotoka, bosi akanigeukia. "Umeniita muongo mbele ya serikali!"

"Si ulidanganya, mama?"

Akacheka mpaka akatafuta kiti.

Mkaguzi aliporudi, daftari langu lilikuwa baya, mistari kila mahali. Akalipitia taratibu. Kila penye mstari alisoma kosa lililo chini yake, akafunua ukurasa mwingine, bila kunikwangulia kitu.

Kibali kimetundikwa ukutani juu ya mizani sasa. Ijumaa mama akipiga simu, nitamwambia maabara ya nini. Atapiga kelele. Na mimi nitapiga, halafu nitamtumia picha ya ukuta.