Celica Mbili za Bwana Odhiambo

Harufu ya rangi ya gari iliyochanganywa na tina, ile dawa ya kuizimua, hunirudisha nyumbani Kisian, hata nikiwa katikati ya mji na mizigo mikononi. Wengine huwaumiza kichwa. Mimi hunitia aibu, na aibu yenyewe nitawasimulia, mradi msinicheke kabla sijamaliza.

Nilikuwa na miaka kumi, na nilishuku kila kitu. Mgeni akisema ameshiba, nilimtazama tumbo. Mama alisema nilizaliwa na macho ya polisi. Basi Krismasi moja, miaka ya themanini, Bwana Odhiambo alikuja kumtembelea shangazi yangu, tuliyemwita Waya, aliyekuwa akishona sare za shule pale barabarani. Waya alikuwa amepita miaka thelathini, na majirani walishachoka kuuliza ataolewa lini. Odhiambo alikuja na Celica nyekundu ya milango miwili, akasema ni yake. Tangu siku hiyo Waya akawa anaimba kwenye cherehani, jambo ambalo sikuwa nimewahi kulisikia.

Januari akarudi na wazee wawili kujitambulisha rasmi. Gari lilikuwa jekundu, milango miwili, Celica. Baba alitabasamu. Mimi nikazunguka mbele ya gari, na roho yangu ikakataa.

Ukuta wa chumba chetu ulikuwa umebandikwa kurasa za gazeti la magari. Kwa muda mrefu nilikuwa nikilala nikitazama Celica mbili, ya themanini na mbili na ya themanini na nne, na kaka yangu alikuwa amenifundisha kuzitofautisha. Ile ya kwanza, taa zake zikizimwa hulala chali, vioo vikitazama mbinguni, na unaviona. Ya pili, taa huzama kabisa chini ya vifuniko, usijue kama zipo. Ya Krismasi ilitazama mbinguni. Hii ilikuwa imefumba macho. Halafu nambari zilikuwa na matope mara zote mbili, na Januari ile Kisian nzima haikuwa na tope hata la kukandika ukuta.

Nikaingia ndani wageni wakinawa mikono.

"Baba, hii si ile gari ya Krismasi. Hii ni ya mwaka ingine."

Baba akamgeukia mgeni. "Bwana Odhiambo, hii gari ni yako?"

Odhiambo aliinamisha kichwa. "Ni ya kastoma, Mzee. Hata ile ingine. Mimi napakanga tu rangi, kwa gereji huko Kibuye."

"Mtu akidanganya juu ya gari, kesho atadanganya juu ya watoto," Baba akasema. Wazee wakainuka kabla kuku hajaguswa.

Nilisifiwa mpaka kwa jirani wa pili. Nikapewa paja, nikaenda nalo kwa Waya nikitarajia asante. Nilimkuta akikunja vitambaa vya viti.

"Unafikiri ni wewe peke yako uliona taa?" aliniuliza bila kunitazama. "Mimi nilijua tangu Krismasi. Kucha zake zilikuwa na rangi. Nilikuwa namngoja aniambie yeye mwenyewe. Leo aliniambia tukimaliza kula, ako na kitu anataka kusema."

Nilimwona hana shukrani, nikaenda kula paja langu nyuma ya jiko. Odhiambo hakurudi, na cherehani ikabaki na sauti yake tu.

Nimeshuku watu wengi tangu siku ile, na mara nyingi sikukosea. Lakini ilibidi niolewe, niujue uongo mdogo wa mume wangu, ninyamaze nimngoje wiki baada ya wiki, ndipo nikaelewa kwamba sikumwokoa Waya na lolote. Nilimnyang'anya mwanamume aliyekuwa amebakiza sahani moja ya ugali tu kabla ya kusema kweli.