Kitabu Kimoja cha Rutamba

Wiki iliyopita, katika chumba cha kusomea hapa Lindi, mzee mmoja wa Rutamba alirudisha kitabu ambacho kijiji chao kilikiazima mwaka jana.

"Shikamoo, mzee. Mwaka mzima, kijiji kizima, kitabu kimoja?" karani alimuuliza, kalamu hewani. "Basi sanduku la vitabu tunalowawekea kijijini litahamia Kitomanga, wanakosoma zaidi."

"Marahaba, mwanangu. Na hicho kimoja hatujakimaliza."

Tuliokuwa kwenye foleni tukacheka. Mzee hakucheka. "Mimi husoma, wenzangu wanapukuchua mahindi. Jirani akiingia, adabu ni kumwanzia mwanzo. Na kwetu majirani hawaishi kuingia."

"Fomu haina nafasi ya wasikilizaji," karani akasema. Akakifungua kitabu, akasoma mistari miwili, kisha ukurasa mzima. "Huyu mwanamke alimwona tena mumewe?"

"Hatujafika huko, bwana."

Karani akatazama mlangoni, akagonga muhuri kwenye fomu. Sanduku litabaki Rutamba mwaka mwingine.

Mimi mwaka huu nimemaliza vitabu kumi na kimoja, kimyakimya, mlango nimeufunga. Vyote nilivipenda. Ila namshukuru Mungu kwamba bado wapo watu wanaokatisha hadithi tamu kwa sababu mwenzao amepiga hodi.