Ulanga Uliofunguka Lusahunga

Nakumbuka, mwanangu, jioni moja ya miaka ile ya wakimbizi. Nilikuwa msichana, nikiishi na shangazi yangu, mkunga wa Lusahunga. Lori liliteremsha dada wawili kutoka Burundi mbele ya nyumba yetu. Mdogo alikuwa ameshikwa na uchungu. Mkubwa, Mwalimu Speransia, alimshika kiuno. Shangazi akaagiza karabai. Kumbe kioo chake kimepasuka! Upepo wa mvua ukaizima.

"Mtoto anatanguliza miguu," shangazi akasema. "Siwezi kupapasa gizani."

Nikakumbuka bonge langu la ulanga, jiwe ling'aalo nililookota kilimani Bisibo. Gamba lake ukilibandua hupitisha mwanga kama kioo. Nikalilaza sakafuni, nikaligonga kwa nyundo. Likatoa vumbi na vipande. Nikazidi kugonga, haraka haraka haina baraka, lakini saa ile ningemsikiliza nani?

"Acha!" Mwalimu akanidaka mkono. "Unalipiga upande linaokataa. Lisimamishe."

Akachomeka ncha ya kisu ubavuni, akasukuma taratibu. Mwanangu, lilifunguka kama kitabu! Utando baada ya utando, mpana kama kiganja, mwembamba hata ukapindika bila kuvunjika. Nilipiga kelele kwa furaha.

Tukazizungusha tando zile kwenye karabai, tukazifunga kwa waya. Kwao Mwalimu alikuwa akifundisha fizikia, na hata katika hofu ile hakuweza kujizuia.

"Hii ni fuwele, jiwe ambalo chembe zake zimejipanga kwa utaratibu," akasema. "Ndani ya utando chembe zimeshikana sana, baina ya utando na utando zimeshikana kidogo. Hata joto hukimbia likifuata utando, likikatiza hupita kwa shida. Jiwe ni lile lile, tabia inategemea upande."

Karabai ikawaka, upepo ukashindwa. Mtoto wa kike akazaliwa, akalia, nasi sote tukalia naye. Siku walipopanda lori kwenda kambini, nilikuwa bado namwuliza Mwalimu maswali hadi dereva akapiga honi. Maswali hayo ndiyo yaliyonifanya nisomee mawe.

Basi mwanangu, jambo likikukatalia, usiongeze nguvu kabla hujaligeuza. Na wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone: anayefika na kifurushi kimoja, mwulize anajua nini kabla ya kumwuliza anataka nini.

Mungu akutulize mkono, akufungulie kila kigumu kwa upande wake. Nenda ukiwa na amani.