Fremu haitaki maji: Fortunata Haonga arudi kwenye trekta

Saa moja na nusu asubuhi, Mpemba, nje kidogo ya mji wa Tunduma. Malori yamepanga foleni kuelekea mpakani, madereva wanapiga mswaki kando ya matairi, na Fortunata Haonga amelala chali chini ya trekta la watu. Zinaonekana buti tu.

"Nani kang'oa kisiki kwa trekta hili?" sauti inatoka huko chini. "Aseme mwenyewe kabla sijamtaja."

Dereva anaangalia pembeni. Mwenye trekta, Twaibu Shaban, msafirishaji aliyehamia Tunduma kutoka Tanga miaka ishirini iliyopita, anacheka kwa aibu. Ni kweli bwana. Juzi kijiko cha mbele kilichomekwa kwa pembe moja chini ya kisiki cha mgrevilea, dereva akakanyaga mafuta. Kisiki kilikaa palepale. Kilichopinda ni fremu.

Fremu hiyo hukaa kati ya mikono ya trekta na kijiko. Juu ina kulabu mbili, chini matundu mawili ya pini. Ikiwa imenyooka, dereva anabwaga kijiko na kubeba uma wa kunyanyulia mizigo bila kufungua hata bolti moja. Ikipinda upana wa kidole tu, pini haziingii, na trekta zima linabaki la kuvutia tela.

Fortunata, au Mama Brian kama anavyoitwa hapa, ana miaka arobaini na mbili. Amechomelea vyuma kwa miaka kumi na minane. Lakini hii ndiyo kazi yake ya kwanza ya trekta katika miezi kumi na mitatu, na anajua kwamba ikiharibika, hatapewa nyingine.

"Nilikosea," anasema bila kumung'unya maneno. "Nilikosea vibaya, na watu wana haki ya kuogopa."

Wahenga walisema mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Fortunata alivukuta na kusana. Baba yake, marehemu mzee Damiano, alikuwa mhunzi wa Igamba, akifua majembe na visu kutokana na springi za magari. Binti alikua akiona jambo moja kila siku: chuma kinatoka motoni chekundu, kinapigwa, kinazamishwa majini. Chwaa! Jembe limekomaa.

"Kwangu mimi, chuma ambacho hakijaonja maji kilikuwa hakijaisha," anasema.

Mwaka jana Wiliam Nzunda, mkulima wa kahawa wa hukohuko Igamba, alimletea fremu iliyopinda kama hii ya leo. Fortunata akaipasha moto, akainyoosha, kisha akaimwagia ndoo nzima ya maji kama alivyofundishwa nyumbani. Ikapendeza kweli. Siku ya kumi ikakatika kijiko kikiwa juu, kimejaa samadi. Kijiko kilianguka hatua moja kutoka aliposimama Yunisi, mke wa Wiliam.

Hakuna aliyeumia. Wiliam alikuja Mpemba, akamwonyesha pale ilipokatika, akafunga fremu yake kwenye pikipiki na kuondoka. "Hakunitukana," anasema Fortunata, na hapo machozi yanamlengalenga. "Jamani, bora angenitukana."

Habari mbaya haihitaji nauli. Wiki hiyohiyo kazi za mitambo zikakoma. Zikabaki mageti na madirisha. Dirisha moja linamwachia shilingi elfu kumi na tano, wakati fremu moja ya trekta ingemwachia laki moja na nusu. Fundi mwingine angehama mji au angemsingizia dereva. Yeye alipanda basi hadi Mbeya, akamtafuta fundi mmoja mzee wa mitambo, akamweleza kila kitu, hata ile ndoo.

Mzee alicheka mpaka akakohoa. Akamwambia jembe linataka maji kwa sababu linataka makali. Fremu inataka uvumilivu, kwa sababu inabeba. Chuma kinene kama kile kikimwagiwa maji kingali chekundu, kinakuwa kigumu cha kuvunjika, kama chungu. Kifunike majivu makavu, kipoe chenyewe.

"Nilirudi na siri ya majivu, lakini sikuwa na mtu wa kunipa chuma," anasema.

Kwa nini basi Twaibu kaja kwake? Mfanyabiashara hafichi. "Kwanza, mafundi wengine wana foleni. Pili, nilisikia anasimulia kosa lake kwa mdomo wake mwenyewe. Ambaye hajawahi kukosea ndiye ninayemwogopa."

Basi kazi inaanza. Fremu inafunguliwa kutoka kwenye trekta na kulazwa juu ya mihimili miwili ya chuma. Fortunata anavuta uzi kutoka pembe hadi pembe, mara mbili, kama msalaba. Nyuzi zingelingana, fremu ingekuwa sawa. Zimepishana sentimita tatu na nusu. Upande wa kushoto haukuguswa na kisiki, kwa hiyo huo ndio anaoupimia wa kulia.

Anafunga mnyororo, anaweka jeki ya tani ishirini, anapasha moto sehemu iliyojikunja. Anasukuma taratibu. Uzi unasema imenyooka. Yeye anaendelea kusukuma.

"Mbona unapitiliza?" Twaibu anashtuka.

"Chuma kina ubishi, mzee wangu. Ukikiachia kinarudi nyuma kidogo. Nakipitiliza ili kikirudi, kirudi mahali pake."

Kinarudi mahali pake. Anaongeza bamba la kuimarisha kwenye kona, anachomelea kwa vijiti alivyovikausha tangu asubuhi pembeni ya jiko la mkaa, kisha anafunika sehemu yote ya moto kwa debe zima la majivu.

Saa saba mchana. Hapo ndipo patamu.

Simu ya Twaibu haitulii. Lori la mbolea limefika ghalani na hakuna cha kulishushia. Anatembea huku na huku, anatazama majivu, anatazama saa. Mwisho anainama na kubeba ndoo ya maji iliyo kando ya pipa.

"Mama Brian, mimi si fundi, lakini maji ni maji. Tuipoze tuondoke."

Fortunata anasimama kati yake na fremu. "Weka chini."

"Haraka haraka..." anaanza Fortunata.

"Usinimalizie na methali! Watu wananisubiri!"

"Basi nakuambia bila methali. Ukiimwagia maji, ibebe ukatafute fundi mwingine, na hela yako sitaki. Mimi nimeshamkosa mama wa watu kwa hatua moja. Sirudii, hata uniletee malori kumi."

Hata mpishi wa chipsi wa ng'ambo ya barabara ameacha kugeuza viazi. Twaibu anaweka ndoo chini, anakaa juu ya tairi, anampigia dereva wa lori. "Subiri," anasema. "Fundi amekataa."

Wanasubiri saa tatu na nusu. Saa kumi na nusu jioni Fortunata anafukua majivu na kugusa chuma kwa kiganja. Kimepoa. Fremu inarudishwa, kijiko kinasogezwa, kulabu zinashika, pini mbili zinaingia kwa mlio mmoja. Wanajaza kijiko mawe, kinanyanyuliwa, kinatikiswa, kinashushwa, mara kumi na mbili, na hakuna anayeruhusiwa kusogea. Fortunata anasugua kona kwa kitambaa na kutafuta nyufa kwa tochi. Hakuna.

Twaibu anampa mkono, kisha anampa namba za wenzake wawili wenye matrekta Itumba. "Waambie nimekutuma mimi," anasema.

Atawapigia, lakini si kesho. Kesho, anasema, anafunga karakana na kupanda gari la Igamba, akiwa na mitungi ya gesi, jeki na debe la majivu, kwenda kwa Wiliam Nzunda kuitengeneza ile fremu bure. Hajaitwa. Hajui kama atakaribishwa.

"Nitaanza na Yunisi," anasema akivua glavu. "Nitamwomba radhi uso kwa uso. Nikimaliza kazi, kijiko kitanyanyuliwa kimejaa, na atakayekuwa wa kwanza kusimama karibu nacho ni mimi."